Kipande cha Kuachwa

Tarehe 6 Machi

Daftari hili nimepewa niandike mvua. Mvua na kiduha, basi. Yule dada wa kituo cha utafiti amenichagua mimi kati ya wanawake wote wa upande huu kwa sababu, alisema, mwandiko wangu unasomeka. Amenipa na kopo la plastiki lenye mistari ubavuni, na kalamu mbili. Kila asubuhi nitazame kopo, niandike milimita ngapi zimeanguka, nimwage maji, nirudishe kopo juu ya kigingi chake. Kurasa ni mia mbili. Mvua gani hiyo ya kujaza kurasa mia mbili? Kwa hiyo mbele ya ukurasa nitaandika mvua, na nyuma yake nitaandika yangu. Akija nitamwonyesha upande wa mbele tu.

Yangu ni haya. Naishi na Mama katika nyumba aliyotuachia Baba, tangu ndoa yangu iliponishinda miaka sita iliyopita. Shamba ni eka moja, liko kando ya njia kuu, kila anayekwenda sokoni analipita. Mwaka juzi lilitoa magunia matano, mwaka jana matatu. Tatizo ni kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau. Ukiliona lilivyo zuri unaweza kulichuma uweke mezani, kumbe mizizi yake imeshikana na mizizi ya mahindi inanyonya. Kila kiangazi Kaka anatuletea chakula kutoka kwake, na yeye ana watoto watano na kazi ya kutengeneza baiskeli pale njia panda. Mwaka huu amechoka. Alikuja Jumapili, hata chai hakumaliza, akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo: "Magunia nane. Yasipofika nane, namwita yule mtu wa matofali aje apime."

Udongo wetu ni mfinyanzi mzuri. Mtu wa matofali anautamani siku nyingi. Akishachimba, hakuna tena shamba, ni shimo. Na mimi nitakwenda wapi? Hilo Kaka hakulisema na mimi sikumuuliza.

Tarehe 9 Machi

Dada wa utafiti alikuja na vigingi arobaini na kamba ndefu. Watoto wameshampa jina: Dada Vigingi. Alilikata shamba vipande vinne. Kipande cha nne, cha chini kabisa, kitapata mbegu mpya ambayo kituo chake kimeihangaikia miaka kumi na moja, na katikati ya mistari yatapandwa majani fulani ya kutambaa. Anasema mizizi ya majani hayo inaiamsha mbegu ya kiduha ardhini kabla haijapata pa kunyonya, ikafa njaa. Cha tatu, mbegu mpya bila majani. Cha pili, mbegu yetu ya zamani pamoja na majani. Cha kwanza, kilichopakana na njia, mbegu yetu ya zamani peke yake, bila chochote. Kiduha kikiota hapo kisiguswe. Kihesabiwe tu kila wiki, kiachwe.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza mara mbili. Akasema bila kipande cha kuachwa atajuaje kuwa vile vingine vimesaidiwa na kitu gani, mbegu au mvua au bahati.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage. Akauliza kama ni sawa na mwenye watoto wanne akaacha kumlisha mmoja ili ajue chakula kinafanya kazi. Dada Vigingi alifikiri kidogo, akasema ndiyo, ni karibu hivyo, ila haya ni mahindi. Nilimpenda kwa kutobisha. Lakini nililala nikiwaza: nahitaji magunia nane kama mgonjwa anavyohitaji dawa, halafu robo ya shamba naiacha iliwe nikitazama. Mwenye akili timamu anafanya hivi?

Tarehe 14 Machi

Tumepanda. Mgongo.

Tarehe 15 Machi

Milimita 22. Nilipiga kelele Mama akadhani nyoka.

Tarehe 21 Machi

Milimita 9. Mahindi yametokeza. Vipande vyote vinne viko sawa, huwezi kujua kipi ni kipi. Jirani yetu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu habari ikimfikia saa mbili, saa tatu wilaya nzima inayo, alisimama njiani akauliza vigingi ni vya nini. Nikamweleza. Akauliza kwa nini hawakumchagua yeye. Nikamwambia mwandiko. Akaondoka amenuna.

Tarehe 2 Aprili

Kavu siku ya saba. Natazama kopo kama kwamba litaniambia kitu.

Tarehe 5 Aprili

Milimita 31. Usiku kucha. Bado nasikia maji yanatiririka nyuma ya jiko wakati naandika.

Tarehe 19 Aprili

Kaka alipita jioni akitoka kazini, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta, akazunguka shamba lote mikono nyuma kama mkaguzi. Alipofika kipande cha nne alisimama muda mrefu. Majani ya kutambaa yameshaziba ardhi, na mahindi yana rangi ile ya kijani iliyokolea. Nilimsubiri aseme neno zuri, hata moja. Akasema majani yanaweza kuficha panya.

Sijui huyu mtu ana nini. Nilimkumbusha kwamba Baba alituoteshea mahindi ya kutosha humu humu, akajibu kwamba Baba alikufa na shamba likafa. Mama alijifanya hasikii. Nikaingia ndani nisije nikasema la kujutia.

Tarehe 4 Mei

Milimita 6. Kiduha kimetoka. Nilikuwa naomba kisitoke, ingawa utafiti unataka kitoke. Nimehesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, mashina haya: kipande cha kwanza 41, cha pili 17, cha tatu 20, cha nne 6. Nilirudia hesabu ya cha nne mara tatu. Sita. Nilikaa chini palepale kwenye tope nikacheka peke yangu. Kumbe yule binti na vigingi vyake anajua anachosema.

Tarehe 11 Mei

Milimita 14. Cha pili 21, cha tatu 27, cha nne 7.

Cha kwanza 12.

Nimehesabu tena. 12. Wiki iliyopita 41, leo 12, na hakuna aliyekigusa. Kiduha hakirudi ardhini. Labda wiki iliyopita nilihesabu vibaya, nilihesabu na majani mengine. Lakini nalijua gugu lile tangu utotoni, nitakosea vipi?

Tarehe 12 Mei

Nilikwenda kuhesabu tena. 12. Mama ameuliza nimepoteza nini huko.

Tarehe 18 Mei

Milimita 19. Cha pili 24, cha tatu 33, cha nne 8. Cha kwanza 9.

Hapa ndipo akili yangu imesimama. Kipande kisicho na dawa yoyote ndicho chenye kiduha kidogo karibu sawa na kile chenye kila kitu. Haya, basi mahindi yake yawe mazuri. Hapana. Mahindi ya kipande cha kwanza yananifika pajani na yana manjano ya mgonjwa, ya cha nne yananipita bega. Kiduha hakipo, lakini mahindi yanakufa kwa kiduha. Nimemwambia Mama hesabu zinanikataa, akasema nimuulize mwenyewe ninayemwandikia. Nitamuulizaje bila kuonekana mjinga? Yeye ana shahada, mimi nina mwandiko.

Tarehe 20 Mei

Leo nimejiaibisha. Nilikuta udongo umefukuliwafukuliwa pale karibu na njia, mashimo madogo madogo, mengine mvua imeshayaziba nusu. Nikaona manyoya mawili ya kuku. Kuku wa Redio wanapita hapo kila siku. Nikaunganisha: Redio hakuchaguliwa, Redio amenuna, Redio anakuja kung'oa ili hesabu yangu iharibike. Hasira ikanipanda, nikaenda mpaka kwake, nikamkuta anakula na familia yake, nikamwambia mbele ya mkewe aache kuniibia kiduha.

Alitafuna kwanza, akameza. Halafu akaniuliza taratibu kama ameelewa: kwamba mimi namtuhumu yeye, mwanaume mzima, kwa wizi wa magugu. Mkewe akatoka nje. Nilimsikia anacheka nyuma ya nyumba.

Kabla ya saa kumi jioni watu wanaopita njiani walikuwa wanasimama kuniuliza kama magugu yangu yapo salama.

Tarehe 25 Mei

Milimita 3. Cha kwanza 7. Sitaki kuandika zaidi.

Tarehe 1 Juni

Dada Vigingi amekuja. Alisoma kurasa za mbele, nikamwona kidole chake kinasimama penye 12, kikarudi nyuma penye 41, kikasimama. Akaenda mwenyewe kuhesabu. Akapata 8. Akapima urefu wa mahindi, akachukua udongo kwenye mifuko midogo, akaandika, akafuta. Mwanzoni nilifurahi kumwona na yeye amechanganyikiwa, nikajua si ujinga wangu. Lakini baadaye aliketi na sisi ukumbini, akazungushazungusha kikombe, akaniuliza kama zipo siku ambazo sikuhesabu nikaandika tu. Aliuliza kwa adabu, akaniita dada, akasema haimaanishi mimi ni mwongo.

Moyo ulinipasuka. Kila wiki napiga magoti kwenye tope kwa ajili ya namba zake.

Nilimwambia sijawahi. Akasema anaamini, lakini wakubwa wake wanaona namba tu, hawanioni mimi. Mashamba yapo ishirini. Shamba ambalo hesabu zake hazieleweki linaondolewa, na mbegu ya msimu ujao itagawiwa kwa mashamba yaliyomaliza majaribio vizuri. Dukani mbegu hiyo haijafika na haijulikani itafika lini. Basi nimeelewa kitu kimoja siku nzima ya leo: nisipojua nani au nini kinaingia kipande cha kwanza, nakosa mbegu. Nikikosa mbegu, hata magunia nane yakifika mwaka huu, mwaka kesho narudi kwenye matatu. Na mtu wa matofali hana haraka.

Tarehe 3 Juni

Nimeamua kuamka alfajiri nikae pembeni ya shamba. Mama ameniambia nitapata homa.

Tarehe 4 Juni

Hakuna. Mbwa wawili na muuza maziwa.

Tarehe 5 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilijibanza nyuma ya majani ya migomba ya mpakani, kanga nimejifunika mpaka puani. Kulikuwa kunapambazuka, mtu unamwona umbo bila sura. Baiskeli ikaja kutoka upande wa chini, ikasimama penye kipande cha kwanza. Mtu akashuka, akaiegemeza kwenye kigingi, akatoa gunia tupu chini ya kiti, akakunja suruali mara mbili. Nikajua kabla sura haijaonekana, maana ni mmoja tu anayekunja suruali hivyo, mguu wa kulia kwanza, sawasawa na Baba.

Kaka aliingia kwenye mistari ameinama. Anakishika kiduha chini kabisa kwenye shingo, anakivuta polepole kisikatike, anakung'uta udongo, anakitia ndani ya gunia. Anasogea. Hakufanya kama mtu anayeiba wala mtu anayeharibu. Alikuwa anafanya kama mtu anayemtoa mtoto chawa. Nilimtazama mpaka mstari wa tatu, nikashindwa, nikatoka.

Alishtuka akaangusha gunia. Tukatazamana. Nikamuuliza anafanya nini, swali la kijinga kwani nilikuwa nimeshaona. Akasema anapita. Nikamuuliza siku ngapi anapita. Akasema tangu kiduha kitoke, kila asubuhi ila Jumapili, na jana tu kazi ilimzuia. Anakichomea kule karakana, kwenye pipa.

Nilimmwagia yote. Nilimwambia kuhusu hesabu, kuhusu mbegu, kuhusu kuitwa mwongo ndani ya nyumba yangu, kuhusu Redio. Nikamwambia kama anataka shamba lishindwe aseme waziwazi, asije kama mwizi. Hapo ndipo alipopandisha sauti, kidogo tu.

"Lishindwe vipi? Nimekaa pale njia panda kila anayeleta baiskeli ananiambia, wana wa mzee wameshindwa na kiduha, tena kipande cha mbele, tena wanakiangalia tu. Nilikuwa naona aibu. Hili ni shamba la Baba."

"Lakini wewe ndiye unayetaka kuliuza," nilimwambia.

"Kuuza ni kuuza," akasema. "Kuliacha liliwe watu wakiangalia ni kitu kingine."

Nimeligeuza neno hilo siku nzima. Mchana nimeligeuza nikifua, na sasa naligeuza nikiandika. Anayetaka lichimbwe matofali ndiye anayelipalilia alfajiri kwa mikono. Miezi yote hii nimemchukia nikimwona kama mtu mwenye jiwe kifuani, na leo sijui nimweke wapi. Nimemkasirikia bado. Amenitia hasara ambayo hata hajui ukubwa wake. Na nilitamani kumshika mkono.

Nilimwambia Mama. Akaendelea kumenya viazi. Alikuwa amemwona mara nyingi kupitia dirishani, akadhani mimi ndiye niliyemtuma.

Tarehe 6 Juni

Nilikwenda kwa Redio kuomba radhi. Amenisamehe kwa sharti kwamba nimweleze ni nani. Sikumweleza. Kwa hiyo amenisamehe nusu.

Tarehe 8 Juni

Milimita 11. Siku ya hesabu. Cha pili 26, cha tatu 38, cha nne 8. Kaka hakuja tena tangu siku ile, na cha kwanza kimefikia 30, maana mengine yalikuwa yanasubiri chini.

Nimefanya kitu leo. Nimeandika 96.

Nieleze. Kama hakuna aliyegusa, cha kwanza kingekuwa na 96, au 100, au zaidi. Hilo mimi nalijua na Dada Vigingi analijua. Nikirekebisha wiki hizi za nyuma, niseme nilikosea mstari, kila kitu kinakaa sawa. Kipande cha kuachwa kina magugu mengi na mahindi mabaya, kipande cha nne kina magugu machache na mahindi mazuri. Ndiyo ukweli wenyewe, macho yanauona. Uongo wangu ungesema kitu cha kweli, na namba zangu za kweli zinasema uongo. Nani atanielezea hilo? Shamba linabaki kwenye hesabu, mbegu napata, Kaka hatajwi. Kila mtu anafurahi, hata ile mbegu yenyewe inafurahi.

Nilikaa na ile 96 mpaka chai ikapoa. Haikuwa nzito kuiandika. Kilichonisumbua ni kwamba ningekuwa yule mtu ambaye Dada Vigingi aliogopa kuwa ndiye mimi. Nimeikata kwa mstari mmoja, isomeke chini yake, nikaandika 30.

Tarehe 15 Juni

Dada Vigingi amekuja mapema kuliko ilivyopangwa. Nilimpa daftari, nikamwambia asome pande zote mbili. Nilijuta palepale, kuna mambo yake humo, na ya panya, na yote. Aliketi kwenye ngazi ya mlangoni akasoma karibu saa nzima. Mama alimletea chai, akainywa bila kuinua macho. Mahali fulani alicheka. Sijui ni wapi.

Alipomaliza alifunga daftari, akasema kiduha huwa kimeshanyonya mahindi chini ya ardhi kabla hakijatokeza, ndiyo maana kung'oa hakukuyaponya. Akasema kweli, shamba hili haliwezi kuhesabiwa, lazima aandike hivyo. Nikaitikia. Halafu akafungua daftari lake mwenyewe, kubwa, akaanza kupekua haraka haraka, akaniuliza shamba la mama mwenye kinu liko kando ya njia au ndani. Nikamwambia kando ya njia. La mwalimu mstaafu? Kando ya njia. La wale ndugu mapacha, ambalo hesabu zake zimekaa sawa? Ndani, nyuma ya bonde.

Akawa anaweka alama. Mashamba sita yana ugonjwa huuhuu, kiduha kidogo mahindi mabaya, na yeye na wakubwa wake wamekesha na udongo kwenye mifuko wakitafuta kuna nini humo. Yote sita yako kando ya njia.

"Tulikiweka kipande cha kuachwa mbele ili gari letu likifikie kirahisi," alisema. "Hakuna aliyefikiri kwamba watu wataona aibu."

Nilimuuliza kama wale wengine wamekiri. Akasema hapana, na mimi ndiye wa kwanza kumwambia. Akasimama akasahau kuaga, akarudi kutoka njiani kuaga. Kuhusu mbegu hakusema lolote na mimi sikuthubutu. Kwa hiyo nimesema ukweli na sijui umenisaidia au umenizika.

Tarehe 30 Juni

Mvua imekatika. Kopo lina buibui.

Tarehe 17 Julai

Mahindi yanakauka. Kaka hajakanyaga hapa wiki sita. Nilipita karakana kwake kwa makusudi, nikamkuta anaziba pancha, akanisalimia bila kuinua kichwa. Nilimwambia hesabu imeharibika na nimesema ni nani. Akauliza kama nimemtaja kwa jina. Nikasema nimemtaja kama kaka yangu. Akaitumbukiza tyubu kwenye beseni, akatazama mapovu mpaka yakaisha.

Tarehe 9 Agosti

Tumevuna, tumepukuchua, tumepima kipande kwa kipande, Kaka mwenyewe akishika mizani kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake. Kipande cha kwanza: debe nne. Cha pili: gunia moja na debe tano. Cha tatu: magunia mawili kasoro debe moja. Cha nne: magunia matatu kamili, na tulishindiliza.

Jumla ni magunia saba na debe mbili.

Nilijumlisha mara tatu nikitumaini debe zitajipanga vingine. Mara mbili na zaidi ya mwaka jana, na bado si nane. Kama shamba lote lingekuwa kama kipande cha nne ni kumi na mbili, mtoto wa darasa la tatu anajua. Kaka aliona namba, akafunga midomo ya magunia kwa kamba, moja baada ya jingine, fundo lile la baiskeli lisilofunguka. Alipoondoka alisema tu kwamba Jumamosi mtu wa matofali atakuja, walishakubaliana zamani.

Mama hakula.

Tarehe 13 Agosti

Nimefagia ua mara mbili. Nimekunja nguo zangu zote nikazikunjua.

Tarehe 14 Agosti

Mtu wa matofali alikuja saa tatu na kamba ya kupimia na msaidizi wa kuishika upande wa pili. Mtu mpole, ana kikohozi, alimsalimia Mama vizuri. Hakuna wa kumlaumu. Kaka alikuwa ameshafika, amesimama kwenye njia mikono mfukoni.

Wakati wanaikunjua kamba, Dada Vigingi akaja kung'oa vigingi vyake. Alituona tulivyosimama, hakuelewa, akaanza kueleza kwa kasi kama kawaida yake. Kituo kimekubali kwamba mashamba sita ya njiani yarudie majaribio msimu ujao, mbegu wataleta wao, kwa sababu kosa lilikuwa la kituo. Alitaka kujua kutoka kwetu wenyewe kipande cha kuachwa kikae wapi safari hii. Alimtazama Mama, akanitazama mimi. Mimi nilimtazama mtu wa matofali, ambaye alikuwa anatafuta kona ya kuanzia. Nilifungua mdomo kumwambia Dada Vigingi amechelewa.

Kaka ndiye aliyejibu. Alivuka mtaro akaingia shambani, akatembea mpaka katikati, akapiga kisigino ardhini.

"Hicho cha kuachwa kiweke hapa ndani, nisikione," alisema. "Kule njiani weka kile cha nne, watu wakione."

Dada Vigingi akaandika. Mama akaketi kwenye kigoda chake ghafla kama aliyesukumwa. Mimi nilimuuliza Kaka watu gani, wakione lini, na hiyo nane je, nikasikia maneno yangu yanapishana. Yeye alikuwa anamwonyesha Dada Vigingi mahali maji yanaposimama. Mtu wa matofali alikohoa, akamwashiria msaidizi wake, wakaanza kuikunja kamba. Nilichelewa kuelewa mpaka nilipoiona imekwisha kukunjwa, ameitundika begani, anamuaga Mama.